Kochi Halitoki Jasho

Sebuleni kwa mama mdogo wangu, mtaa wa Chang'ombe hapa Dodoma, hakuna kitu kilichoachwa uchi. Makochi yamevikwa vitambaa mgongoni na mikononi. Meza ina chake, televisheni ina chake, na redio iliyonyamaza miaka mingi nayo ina cha duara chenye ncha kama nyota. Hata jagi la maji lina kifuniko cha kufuma, kimezungushiwa shanga pembeni ili upepo usikipeperushe. Vyote amevifuma mwenyewe, kwa sindano ya kroshia ya chuma, ile yenye ndoana nchani, aliyoipata akiwa msichana katika shule ya misheni.

Nami nilikulia humo. Kabla sijamaliza shule ya msingi nilikuwa nafuma seti nzima ya vitambaa vya makochi, na majirani wakinituma niwafumie. Lakini kwamba mikono hiyohiyo ingeweza kufuma nguo ya kuvaa, hilo halikunijia hadi nimekuwa mtu mzima.

Lilinijia nikiwa kwenye foleni ya benki. Wazo la kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ni la tangu 1973, lakini ni baada ya tangazo la mwaka 2016 ndipo watumishi walipoanza kumiminika, na mji ukajaa sura mpya. Mbele yangu alisimama binti mmoja amevaa blauzi ya nyavunyavu rangi ya maziwa, ndani ametanguliza shimizi nyeupe. Macho yangu yakaanza yenyewe kuhesabu mishono: nguzo, cheni, nguzo, cheni. Kilikuwa kile kile kitambaa cha mgongo wa kochi la mama mdogo, safari hii kimempata mtu.

Jioni hiyo nilipita Soko la Majengo nikanunua uzi. Muuzaji aliniambia ni pamba, nikamwamini. Blauzi ilipokamilika nikaivaa mwezi wa Oktoba. Watu wa pwani hudhani kwetu ni baridi mwaka mzima kwa sababu tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Baridi tunayo kweli, Juni na Julai, usiku na alfajiri. Ila Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana hupita nyuzi 30, na upepo unaovuma ni mkavu, umebeba vumbi. Ndani ya daladala blauzi ilinigandia mgongoni. Nilishuka Chang'ombe nimechoka, shingo inaniwasha.

Mama mdogo alinipokea, akashika pindo la ile blauzi, akalisugua kati ya vidole viwili.

"Mwanangu, huu ni uzi wa kochi," akasema. "Kochi halitoki jasho."

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonifundisha kufuma nguo.

Akakata kipande cha uzi wangu kisichozidi urefu wa kidole, akakibana kwa kibano juu ya sufuria yenye maji, akakiwasha kwa kiberiti. Kilijikunja, kikayeyuka, kikaacha kidonge cheusi, kigumu kama mbegu ya papai. Kisha akachomoa uzi kwenye kitambaa chake cha meza. Huo uliungua taratibu, ukanuka karatasi iliyochomwa, ukaacha jivu laini lililopukutika alipoligusa. Wa kwanza ni akriliki, uzi wa kiwandani ambao asili yake ni mafuta ya petroli. Wa pili ni pamba. Akriliki hunywa maji kidogo sana, kwa hiyo jasho hubaki mwilini linakutafuta. Pamba hulinyonya na kulikabidhi kwa upepo, na upepo wa Dodoma haucheleweshi kazi hiyo. Tangu siku ile sinunui uzi mwingi kabla sijaomba kipande kidogo nikakichome nyumbani.

Uzi ukishapatikana, jambo la pili ni matundu. Fundi wa kushona hukata kitambaa kilichokwisha kuwepo. Sisi tunatengeneza kitambaa na nafasi zake kwa pamoja. Jiji hili linajengwa kila kona, kwa hiyo wengi wetu tunajua lugha ya mafundi ujenzi, nami hufundisha kwa lugha hiyo. Unaanza na msingi, yaani mstari wa cheni. Juu yake unasimamisha nguzo: unazungusha uzi mara moja kwenye sindano, unaingiza sindano kwenye jicho la chini, unavuta uzi, kisha unatoa vitanzi viwiliviwili mpaka kibaki kimoja. Baada ya nguzo unafuma cheni moja, hiyo ni linta. Unaruka jicho moja chini, unasimamisha nguzo nyingine. Katikati limebaki dirisha. Mstari unaofuata unasimamisha nguzo juu ya nguzo, linta juu ya linta, na blauzi nzima inakuwa ukuta wa madirisha. Hewa inaingia na kutoka, na uzi uliotumika ni mchache kuliko ule wa kitambaa kilichoziba, ndiyo maana nguo inakuwa nyepesi.

Hapa lazima nitoe tahadhari moja, kwa sababu kutoijua kuliniharibia kazi ya wiki mbili. Vitabu vya Uingereza na maelekezo ya Marekani hutumia majina yaleyale kwa mishono tofauti. Nguzo niliyoieleza hapo juu Waingereza huiita trebo. Wamarekani huiita dabo. Na dabo ya Waingereza ni mshono mfupi, ambao Wamarekani huuita singo. Mimi nilijifunza majina ya Kiingereza cha Uingereza kwa mama mdogo, nikafuata video ya Marekani kwenye simu. Penye dabo nikafuma fupi. Nguo ikatoka nzito, imeziba, nusu ya urefu niliokusudia. Kabla hujaanza, tazama picha au mkono wa anayefundisha, uhesabu amezungusha uzi mara ngapi. Jina linaweza kukudanganya, mkono haudanganyi.

Vipimo ndipo wengi hukata tamaa, na ni hapa penye raha yangu kubwa. Fuma kwanza kipande cha majaribio, kikubwa kidogo kuliko sentimita 10 kwa 10. Kifue, kikaushe, ndipo ukipime, kwa maana pamba hubadilika ikipata maji. Kwa uzi mwembamba kiasi na sindano ya milimita 3.5, kipande changu kilinipa madirisha 10 kwenye sentimita 10. Kila dirisha ni sentimita moja! Kifua changu ni sentimita 96. Nguo ya joto haitakiwi kubana, nikaongeza 8, ikawa 104. Gawa kwa mbili, mbele na nyuma: 52 kila upande. Basi nikafuma vipande viwili vya mstatili, kila kimoja madirisha 52 kwa upana, urefu sentimita 48. Juu nikaunga madirisha 14 kwa kila bega na kuacha 24 ya katikati yawe shingo. Ubavuni nikashona kutoka chini kwenda juu, nikaacha sentimita 20 za kupitisha mkono. Hakuna mkato hata mmoja, hakuna cherehani. Ilikula madonge saba ya gramu 50.

Urefu nilioufuma ni pungufu ya ule nilioutaka, tena kwa makusudi. Pamba haina mvutano wa kujirudisha kama sufu. Uzito wake wenyewe huivuta chini, na ikilowa uzito huo huongezeka. Blauzi yangu ya kwanza ya pamba niliianika kwenye kamba kama shati. Ilipokauka ilikuwa imeshuka zaidi ya shibiri moja, na mabega yamekuwa membamba. Sasa ninaifua kwa mkono bila kuikamua. Ninaiviringisha ndani ya taulo, ninakanyaga juu yake ili taulo linywe maji, kisha ninailaza kwenye mkeka kivulini, nainyoosha kwa viganja mpaka madirisha yote yawe mraba. Jua letu likiipata moja kwa moja, rangi inakwenda. Na maji ya visima katika sehemu nyingi za Dodoma yana chumvi, sabuni haitoki upesi. Suuza mara tatu, vinginevyo nguo itakauka ngumu kama kadi.

Madonge mengi ninayoyakuta madukani yametoka nje ya nchi. Huwa ninayageuza mkononi nikiwaza wakulima wa Simiyu na Shinyanga, maana Tanzania inalima pamba, nyingi ikitoka huko Kanda ya Ziwa, na sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, mbegu zimetolewa, bila kusokotwa. Ningependa siku moja nifume blauzi ya Dodoma kwa uzi uliosokotwa nchini kutokana na pamba yetu wenyewe.

Wadada wanaotaka kufuma kwa biashara huniuliza bei. Jibu langu huanzia kwenye jambo ambalo wengi hawalijui: masweta yanafumwa na mashine, lakini kroshia halisi ya madukani bado haifumwi na mashine. Ukiiona popote, iwe duka la Kariakoo au London, kuna mkono wa mtu uliokaa nayo kitanzi kwa kitanzi. Kwa hiyo hesabu saa zako. Tuseme uzi umegharimu shilingi 35,000 na kazi imekuchukua saa 30. Ukiuza kwa 50,000, umejilipa shilingi 500 kwa saa. Andika hesabu hiyo kwenye daftari na uitazame vizuri kabla hujakubali kupunguza bei.

Kroshia imewahi kubeba mzigo mzito kuliko huo. Njaa ya viazi ilipoipiga Ireland kuanzia 1845, wanawake wa huko walifuma lesi na kuziuza, na nyumba nyingi zikapata chakula kwa sindano. Sisi Wagogo tuna njaa zetu zenye majina. Mtunya, ya 1918 hadi 1920, bado inasimuliwa. Ndiyo maana sipendi kusikia kufuma kukiitwa kazi ya kupotezea muda. Vitambaa vya makochi vya mama mdogo vilinunua madaftari yangu ya sekondari.

Na kwa ajili hiyo niliona deni. Miaka yote amevika makochi yake na makochi ya mtaa mzima, yeye mwenyewe hajawahi kuvaa kitu alichokifuma. Kiangazi kilichopita nilimfumia blauzi ya pamba rangi ya udongo wa kwetu, mikono ikifika kwenye viwiko kama mama wa heshima anavyopenda. Nikampelekea Jumamosi jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

Aliikunjua mapajani. Hakusema nzuri wala mbaya. Akaanza kupitisha kidole dirisha kwa dirisha, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akinikagua nikiwa mtoto. Karibu na kwapa la kushoto kidole kikasimama.

"Hapa umeruka moja."

Akanyanyuka, akaleta ile sindano yake ya chuma, akakaa mlangoni kwenye mwanga. Alifumua mshono wa ubavu, akaurudisha nyuma mstari wa mwisho, akasimamisha nguzo iliyokosekana, akafunga na kuficha ncha ya uzi. Kisha akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa ameivaa juu ya shimizi, khanga kiunoni. Akapita katikati ya makochi yake yaliyovaa, akaenda kusimama uani kunakopiga upepo. Akainua mikono kidogo, akafumba macho.

"Inapita," akasema.

Kesho yake aliivaa kanisani.