Nyumba Inaponyamaza Tunapoingia



Ndugu zetu na mama zetu, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake. Juma hili tunaanza kwa kuihutubia nafsi yetu.

Sisi tu katika watu wenye kujikaza. Viatu vikiwekwa mlangoni, twataka vielekee upande mmoja. Chakula kikicheleweshwa robo saa, twatazama saa. Ahali zetu sivyo walivyo. Wao hutandika mkeka, kahawa ikamiminwa, mazungumzo yakanoga hata kahawa ikapoa, wala hapana aonaye kuwa kuna jambo lililoharibika. Kwa miaka mingi tuliwahesabu wao kuwa wazembe, na sisi kuwa wenye adabu.

Jioni moja mvua ilikatiza darsa, tukarudi nyumbani mapema. Tukiwa ngazini tulisikia vicheko. Mjukuu wetu alikuwa akiigiza sauti za watu. Tulipotoa salamu, wote waliitikia vyema, kisha pakawa kimya. Mmoja aliokota vikombe, na mtoto akashika juzuu yake. Tulifurahi, tukadhani hiyo ni heshima.

Siku chache baadaye ndipo tulipojua kwamba binti yetu alikuwa ameshindwa na masomo ya chuo muhula mzima. Mamake alijua. Mjomba wake alijua. Hata jirani alijua. Sisi tulikuwa wa mwisho. Tulipouliza sababu, mama watoto alitujibu kwa upole: "Sheikh, hujampiga mtu wala hujamtukana. Lakini ukiingia, kila mmoja hujikagua. Na mtu anayejikagua hawezi kulia mbele yako."

Wahenga walinena kweli kwamba ukali wa jicho washinda wembe.

Usiku ule tuliikumbuka hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas (R.A.). Wanawake wa Kikureshi walikuwa kwa Mtume (S.A.W.) wakimtaka mengi, na sauti zao zimepaa juu ya sauti yake. Umar bin Khattab (R.A.) alipobisha hodi, waliinuka mbio kujisitiri, naye Mtume akacheka. Umar akawalaumu kwa kumwogopa yeye badala ya Mtume. Wakamjibu waziwazi kuwa yeye ni mkali na mgumu kumshinda Mtume.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza, Mtume hakumvunja moyo Umar. Papo hapo alimsifu kwamba shetani akimkuta katika njia, hushika njia nyingine. Basi msimamo ni neema. La pili, wanawake wale walipaza sauti mbele ya mbora wa viumbe, wala heshima yake haikupungua. Waliweza kumfikishia haja zao kwa kuwa walikuwa na amani naye. Na wanahistoria wamepokea kwamba Umar mwenyewe, aliposhika ukhalifa mwaka wa 13 Hijria, alimwomba Mola wake amlainishe.

Enyi wenzetu wenye kujikaza, ukali tuuelekeze kwenye nafsi zetu: katika sala zetu, ahadi zetu na mizani zetu. Majumbani, sisi tumejiwekea ada ndogo. Kila siku twaacha kosa moja dogo lipite bila neno, na twaketi mkekani kabla ya kuuliza lolote. Si jambo jepesi. Hata leo mkono wetu wajiendea wenyewe kwenye vile viatu.

Nanyi mama zetu wenye nyoyo pana, mtu wa namna hii msimcheke mbele ya wanawe. Mwelezeni faraghani, kama tulivyoelezwa sisi. Na mkiagana naye wakati, utimizeni, kwani kwake ahadi ya saa ni amana.

Juzi binti yetu alikuja akaketi kando yetu, akaanza mwenyewe kutusimulia habari za muhula mpya, mazuri na mabaya. Kahawa ilipoa. Tulitazama saa mara moja tu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atulainishe nyoyo bila ya kutulegeza katika dini yake, na azijaalie nyumba zetu ziwe ni mahali ambapo mwenye dhiki husema. Amin.