Rangi ni Kanzu Tu: Gari la Mbio Lililotuweka Kanduyi

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, lakini mimi maana yake nilikuja kuonyeshwa na nyundo ya fundi mmoja wa magari huko Kanduyi, katika Kaunti ya Bungoma.

Kanduyi, kwa msomaji ambaye hajapata kufika, ni njia panda. Barabara kuu itokayo Mombasa hupita hapo ikielekea Malaba na Uganda, na nyingine huchepuka kuingia mjini Bungoma. Hapo ndipo gari alilolinunua mpwa wangu karibu na Kitale lilipoanza kutoa mvuke, nasi tukaomba msaada.

Lilikuwa Datsun 240Z, jekundu kama komamanga. Gari hilo si la kubezwa. Lilitoka Japani mwishoni mwa 1969, likiwa na injini ya lita 2.4, silinda sita katika mstari mmoja na kabureta mbili. Ndilo alilolishindia Edgar Herrmann Safari Rally mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, naye akashinda nalo, baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Na tangu 2003, mashindano ya Safari Classic yameyarudisha magari ya zamani katika nyoyo za watu.

Mpwa wangu alikwisha panga mambo yake: tairi pana, viti vipya, redio, na bomba la moshi la kunguruma. Fundi akatikisa kichwa.

"Mzee," akaniambia mimi, "rangi hii ni kanzu tu. Tuivue kwanza, tuone mwili."

Gari likainuliwa, na nyundo ndogo ikaanza kugonga. Palipo bati zima palilia kama kengele. Chini ya betri na kwenye sakafu palijibu kwa mlio mzito usio na uhai. Kutu ilikuwa imejazwa puti, kisha ikapakwa rangi. Mabomba membamba ya mafuta ya breki nayo yalikuwa yameliwa, yamebaki ganda.

Mpwa wangu akampigia simu muuzaji. Haikupokewa. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Kisha akaninong'oneza: "Mjomba, tulifunike vilevile, tukaliuze Nairobi."

Sikumlaumu upesi. Gari lile lilikuwa akiba ya miaka minne ya kazi Dubai. Lakini sote tuliopita chuoni twakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika fungu la chakula sokoni, akakuta ndani mmelowa, na twajua alivyomkanya mwenye mali. Kasoro ya bidhaa ni wajibu itajwe. Nikamwambia, "Aliyekuuzia amekudhulumu. Je, wewe unataka kumwuzia nani mauti?" Akainama, asinijibu. Baadaye nikamwona amevua saa, anamshikia fundi taa.

Basi kazi ikaanza, siku kadhaa. Kutu ilikatwa hadi penye chuma safi, na bati jipya likachomelewa. Ndani ya mihimili ikamiminwa nta, maana gari laenda kuishi na chumvi ya bahari. Breki zikapata mabomba na mipira mipya, diski za mbele na dramu za nyuma zikakaguliwa. Rejeta iliyoziba ikasafishwa.

Hapo tu ndipo fundi alipokubali kuongeza kitu. Pointi za kutoa cheche, ambazo huchakaa na kutaka kurekebishwa kila mara, akaziondoa na kutia kifaa cha elektroniki. Taa akazipa nyaya mpya na rilei, ili swichi ya zamani isibebe umeme wote. Kisha akatuusia: Kanduyi ni zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi; tukifika Mombasa kabureta zipimwe upya, kwani kwenye hewa nzito petroli itakuwa haba na injini itachemka.

Tairi pana hazikununuliwa. Fedha ziliisha kabla hata ya rangi, tukaondoka na viraka vya kijivu juu ya wekundu, watoto wa njia panda wakitucheka.

Nakuru, kwenye kituo cha petroli, bwana mmoja alilizunguka gari akauliza kama linauzwa. Mpwa wangu akapiga goti, akamwonyesha chini ya mlango.

"Haliuzwi," alisema. "Lakini tazama. Hapa palikuwa na kutu, na hapa, na hapa."

Nami niliyekaa ndani nikaona nyekundu ile haina haja ya kurudi upesi.