Ngoma ya Mama Isiyopigwa na Mama

Ukienda Shinyalu kwa Waisukha, au Ikolomani kwa Waidakho, jamii za Waluhya wa magharibi mwa Kenya, siku ya arusi utaisikia isukuti kabla hujauona ua wa sherehe. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na huandamana na pembe ya swala na njuga za chuma. Aghalabu wenyeji huzieleza kama jamaa moja: baba, mama na mtoto. Kwa desturi, zote tatu hupigwa na wanaume. Wanawake huwa katika safu yao, wakiitikia na kucheza.

Hapo ndipo msomaji wa fasihi simulizi anapaswa kutua. Mama ana ngoma yake, ila hana ruhusa ya kuipiga. Na katika isukuti mpigaji ana mamlaka makubwa, kwani yeye na mwimbishaji ndio wanaoamua kasi na wakati wa kubadili mwendo. Wanafunzi wetu huutafuta mfumo dume katika methali za kumdunisha mwanamke, na huupata. Mimi naona umejificha zaidi katika sifa. Mwanamke hutukuzwa kama mzazi wa ukoo, huku mashauri ya ukoo yakiamuliwa asipokuwapo.

Jikoni hali ilikuwa hiyo hiyo. Kwa Waluhya wa zamani mwanamke alifuga kuku na kumpika, lakini mwiko ulimzuia kumla. Wakristo wa mwanzo, wakiwemo wa misheni ya Friends (Waquaker) iliyofika Kaimosi mwaka 1902, waliulegeza mwiko huo. Hata leo firigisi ni ya baba katika nyumba nyingi. Na shamba alilolima hakulirithi. Francis Imbuga, mwandishi mzaliwa wa Maragoli, alilifanya suala hilo kuwa tamthilia: katika *Aminata*, iliyochapishwa 1988, binti aliyeachiwa ardhi na babake anapingwa na jamaa zake. Wakati huo Sheria ya Urithi, inayowatambua mabinti, ilikuwa ikitumika tangu 1981. Katiba ya 2010 ikaiongezea nguvu. Bado mabinti wengi huogopa kudai, wasije wakaitwa maadui wa kaka zao.

Jambo gumu zaidi kulieleza ni kwamba wanawake wenyewe wameutetea mpangilio huu, tena kwa ufasaha. Nchini China, yapata miaka 1,900 iliyopita, Ban Zhao, mwanahistoria aliyekamilisha kazi ya kakake kuhusu utawala wa Han, aliandika mafunzo ya kuwahimiza mabinti wawe wanyenyekevu na wamtii mume. Huku kwetu, katika kisiwa cha Pate, mwaka 1858, Mwana Kupona aliutunga utendi wake akiwa mgonjwa, akimuusia bintiye namna ya kuishi na mume. Ni rahisi kuwahukumu. Lakini Ban Zhao huyo huyo alidai wasichana wafundishwe kusoma kama wavulana, na Mwana Kupona alimwachia bintiye ushairi ambao tunaujua hadi leo. Walifundisha utii huku kalamu ikiwa mikononi mwao wenyewe. Kwangu mimi, kuishika kalamu hiyo kulikuwa na uzito zaidi kuliko mafunzo yaliyoandikwa nayo.

Turudi sasa kwenye ngoma. Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha isukuti katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba wengi wa mafundi wake ni wazee wasio na warithi. Lakini warithi wapo. Katika mashindano ya muziki ya shule, wasichana huzipiga ngoma hizi jukwaani mbele ya waamuzi. Wakirudi kijijini ndipo huambiwa wasimame kwenye safu ya waitikiaji. Utamaduni unaolia kukosa wanafunzi hauwezi kuwafungia mlango nusu ya watoto wake. Kwa hiyo, mzee wangu wa Isukha au Idakho, unapomwita mjukuu wa kiume aje ajifunze ngoma, mwite na dada yake.