Hoteli ya Jamaa Mjini Sumbawanga

Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kadiri ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi za Juni na Julai huko ni kali. Basi msafiri ashukaye katika basi, au dereva wa lori aliyekuja kupakia mahindi na maharage, kitu cha kwanza akitafutacho ni supu na chai ya moto. Barabara ya Tunduma, ya zaidi ya kilomita 200, ilitiwa lami kwa msaada wa Marekani, na wageni hao ndio riziki ya hoteli ndogo za chakula, ambamo aghalabu mama ndiye mpishi, baba ndiye mnunuzi, na watoto ndio wahudumu.

Wenye hoteli hizi huitegemea sana methali kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Mimi naikubali nusu tu. Mgeni asiyeujua mji hawezi kuonja kabla ya kuingia. Hutazama kama meza imefutwa na maji ya kunawa yapo, na zaidi ya yote humsikiliza kondakta amwelekezapo. Kumpokea kondakta huyo kwa taadhima, kutomkawiza sahani yake, na kumpigia simu kujua basi litawasili saa ngapi, ni tangazo bora kuliko ubao wowote uliopakwa rangi.

Walakini tangazo ni ahadi, nayo hutolewa na mtu mmoja ikatimizwa na mwingine. Chukua mathalani migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao hupandishwa kutoka Kasanga na bandari nyingine za mwambao mpaka huku juu, leo wakawa tele, kesho wakaadimika. Kijana wa mezani akiwasifu mbele ya mgeni mwenye njaa, ilhali mama jikoni amekwisha kuuza wa mwisho tangu adhuhuri, mgeni hatamlaumu kijana. Atailaumu nyumba nzima, na habari hiyo itafika Laela, kwenye barabara hiyo ya Tunduma, kabla ya jua kuchwa. Dawa yake ni shauri la alfajiri: mnunuzi aseme alicholeta, mpishi aseme sahani ngapi zitatoka, na mhudumu asiahidi nje ya hayo; na kitu kikiisha, sauti itoke jikoni papo hapo.

Lililo zito zaidi, nami naliona ndilo livunjalo hoteli nyingi za jamaa, ni ujira. Husemwa kwamba mtoto wa nyumbani hafanyi kazi ya mshahara. Lakini Wafipa tangu kale, walipoitana kulima yale matuta yao ya mviringo yaliyofukiwa nyasi ndani ili zioze ziwe mbolea, walijua kwamba kazi ya wengi ina haki yake, na pombe ya ulezi ilikuwa tayari imewekwa kwa ajili ya waliokuja kusaidia. Kama jirani wa siku moja hakuachwa mikono mitupu, kwa nini binti aoshaye vyombo tangu alfajiri hata usiku aachwe? Apewe ijara iliyokubaliwa, iandikwe katika daftari moja na bei ya unga na mkaa, na baba naye asitoe fedha katika kasha la mauzo ila jina lake liandikwe humo humo, pamoja na kiasi alichochukua.