Ripoti ya mtoto haiandikwi wiki ya mwisho

Kwa mihula mitatu mfululizo ripoti ya mwanangu ilirudi nyumbani na maneno yale yale: "Ni mtoto mtiifu, aongeze bidii." Nami nikatia sahihi, nikairudisha. Usiku mmoja baada ya Isha nilimpa gazeti anisomee aya moja tu. Alikuwa Gredi ya 4. Mstari wa kwanza ulimshinda. Alikuwa akitazama herufi ya mwanzo na kubahatisha neno zima. Mtiifu ni kweli. Kusoma hakujui.

Sitaitaja shule, maana nilipomwendea mwalimu wake alinijibu kwa unyonge kuwa ana watoto zaidi ya hamsini na alipewa siku tatu za kuandika ripoti zote. Utaandika nini cha maana kwa siku tatu, kwa kukumbuka tu?

Jibu nililipata mbali na kwetu. Dadangu mdogo ameolewa Nakuru na anafundisha Hisabati Gredi ya 5 huko. Mwaka huo nilimtembelea wiki ya mwisho ya muhula wa pili, baridi ya Bonde la Ufa ikinikata mifupa, nikidhani nitamkuta amezama kwenye makaratasi. Nikamkuta jikoni anakaanga viazi. Ripoti 55 alizimaliza kwa jioni mbili.

"Kaka, mimi siandiki ripoti sasa," akaniambia. "Nimeziandika tangu Mei."

Alinionyesha karatasi moja iliyopigwa mistari. Majina upande wa kushoto, wiki juu. Hisabati ina vipindi vitano kwa wiki, na yeye hajaribu kuwachunguza watoto wote kila kipindi. Huchagua kumi na mmoja, akipita kati ya madawati huku wakifanya zoezi. Siku tano, watoto 55. Kila mtoto ameangaliwa mara moja kwa wiki, na mwisho wa muhula ana alama kumi au kumi na mbili zilizoandikwa siku ile ile tendo lilipotokea.

Alama yenyewe ni nambari moja na herufi moja. Nambari ni zile ngazi nne za mtaala wa umilisi ambazo mzazi huziona kwenye ripoti: 4 amezidisha matarajio, 3 amefikia, 2 anakaribia, 1 yuko mbali. Herufi ndiyo siri ya kazi, nayo ni mahali mtoto alipoangukia. Walipokuwa wakigawanya kwa nambari ya tarakimu mbili, "k" ilikuwa kukadiria, "j" jedwali la kuzidisha halijakaa kichwani, "s" anasahau kushusha tarakimu inayofuata. Nambari peke yake inasema mtoto ameanguka. Herufi inasema ameanguka kwenye ngazi ya ngapi.

Nilicheka, kwa sababu haya tumeyaona chuoni tangu utotoni. Muulize maalim wa Kurani kuhusu mtoto yeyote kati ya thelathini waliomzunguka mkekani. Hatakwambia aongeze bidii. Atakwambia yuko Sura ya Abasa, aya za mwanzo amezihifadhi, ghunna bado inamshinda, mrudie kila Alfajiri. Kila mtoto yuko mahali pake, na maalim anapajua kwa sababu humsikiliza mmoja mmoja kila siku.

Sasa jinsi alama zinavyogeuka ripoti. Dadangu huingiza karatasi yake katika jedwali la Excel kwenye simu kila Ijumaa. Mwisho wa muhula hupanga jedwali kwa herufi. Mara moja anaona watoto kumi na wanne wamekwama kwenye "k", tisa kwenye "j". Kundi lenye tatizo moja analiandikia sentensi moja iliyotulia, mara moja tu, kisha anapita kwa kila mtoto kuongeza lake: alianzaje, amefika wapi. Mtoto aliyetoka 1, 1, 2, 2, 3 na yule aliyetoka 3, 3, 2, 2, 1 wastani wao unakaribiana sana, lakini mmoja anapanda na mwingine anaporomoka, na mzazi wa huyu wa pili anapaswa kujua leo.

Moja aliyonisomea ilikuwa hivi: "Anagawanya kwa tarakimu moja bila msaada. Kwa tarakimu mbili anakwama kukadiria, akipewa 96 kwa 12 huanza kujaribu 1, 2, 3 mpaka afike. Nyumbani mwulizeni jedwali la 11 na 12 dakika kumi kila jioni." Mzazi asiyejua Hisabati hata kidogo anaweza kulifanya hilo.

Ana masharti yake. Mtoto asiyekuja huandikiwa "H", kamwe si 1, kwa sababu kutokuwepo si kutojua. H zikiwa nyingi hiyo nayo ni habari ya kumwambia mzazi. Na alama moja mbaya haandikii ripoti. Huenda mtoto siku hiyo alikuwa na homa au hakula.

Katika kaunti ile jambo hili lina uzito wake. Naivasha kuna mashamba ya maua, wazazi hufuata vibarua, na mtoto huhama katikati ya muhula akiwa na ripoti mkononi tu. Mwalimu anayempokea akisoma "aongeze bidii" ataanza sifuri. Na baada ya mafuriko ya Mai Mahiu ya Aprili 2024, watu walipopoteza ndugu, nyumba na kila karatasi waliyokuwa nayo, dadangu akaanza kupiga picha ile karatasi yake kabla ya kutoka darasani.

Kuna walimu watakaosema tayari wanajaza alama kwenye mfumo wa KNEC. Ni kweli, na alama hizo si mchezo: kwa watoto wa kwanza wa Gredi ya 9 waliofanya KJSEA mwaka 2025, asilimia 20 ya matokeo ilitoka kwa tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, 20 kwa KPSEA na 60 kwa mtihani wenyewe. Lakini nambari inayokwenda Nairobi haimwambii mama wa mtoto afanye nini jioni.

Siku hizi wengine wanazipa programu za akili bandia majina na alama ziwaandikie ripoti. Kusafisha lugha sina tatizo nako. Ila programu haikuwa darasani. Ukiipa nambari tupu itakurudishia sifa tamu zisizo na mtoto ndani yake. Na majina yasiingizwe humo, wala orodha ya alama isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo.

Niliporudi Mombasa nilimpelekea mwalimu wa mwanangu nakala tupu ya karatasi ile. Hakuahidi kitu. Wiki ya pili ya muhula wa tatu mtoto alikuja na kijikaratasi kimekunjwa ndani ya daftari: "2, s. Anasoma silabi za konsonanti mbili, 'mb' na 'nd', polepole. Za tatu kama 'mbw' bado." Jioni hiyo tulianza na mbwa, mbwembwe na mbweha.