Homa Baada ya Hija ya Bagamoyo



Kila mwaka familia nyingi hufunga safari kwenda kuhiji Bagamoyo, mahali ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868. Wafikao pale hutembelea pia makaburi ya wamisionari wa mwanzo. Wengi wao walikufa wangali vijana, na malaria ilikuwa moja ya sababu kubwa. Wakati ule watu walidhani homa hiyo inaletwa na hewa mbaya. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross alipogundua kuwa vijidudu vyake hubebwa na mbu.

Sisi leo tunajua hayo. Hata hivyo wapo mahujaji wanaorudi nyumbani na ugonjwa bila kuutambua. Ndiyo maana mwezi huu tunazungumzia safari hiyo.

Nani yumo hatarini zaidi?

Mtu aliyekulia pwani ameumwa na mbu wa malaria tangu utoto, na mwili wake umejijengea kinga kiasi fulani. Mtu aliyekulia kwenye baridi ya Njombe, Mbulu au migombani Kilimanjaro hana kinga hiyo, awe mtoto au mtu mzima. Hata mzaliwa wa pwani akikaa miaka mingi kwenye baridi, kinga yake hupungua. Wanaohitaji uangalizi zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5, mama wajawazito na wagonjwa wa selimundu. Hao wapite kwanza kliniki kupata ushauri.

Kabla ya kuondoka

Chukueni vyandarua vyenye dawa. Msitegemee kuvikuta mtakakolala. Bebeni pia nguo za mikono mirefu, kwa kuwa mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, na mara nyingi ibada za mkesha hufanyika nje. Mwenye kisukari au shinikizo la damu achukue dawa za kumtosha siku zote za safari.

Mkiwa huko

Joto la pwani hukausha mwili upesi. Kunyweni maji mara kwa mara, yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa vizuri. Kuleni chakula kingali cha moto. Mtoto akiharisha, mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti, na mama asiache kumnyonyesha.

Watoto wa bara huifurahia sana bahari. Lakini maji yakipwa hurudi mbali, nao huyafuata. Yakianza kujaa, huwazunguka. Asiende mtoto ufukoni bila mtu mzima. Msioge katika madimbwi na mito, maana kichocho hukaa katika maji baridi, siyo ya bahari.

Mkirudi nyumbani

Hapa ndipo penye hatari iliyojificha. Mbu akikuuma leo, huugui kesho. Kwa kawaida homa hutokea baada ya siku 7 hadi 15, na pengine hukawia zaidi. Wakati huo mmekwisha kurudi kwenye baridi, na mtoto akipata homa mtasema ni mafua. Hata mhudumu wa zahanati asipoambiwa habari za safari anaweza asifikirie malaria.

Kwa hiyo, mtu yeyote akipata homa ndani ya miezi miwili baada ya safari, mpelekeni apimwe damu siku hiyo hiyo. Semeni wazi: "Tulikuwa Bagamoyo." Maneno hayo mawili yanaweza kuokoa maisha.

Msitumie mabaki ya vidonge vya kabatini. Klorokwini iliachwa nchini mwaka 2001 kwa sababu vijidudu viliizoea. Akipewa dawa ya mseto, amalize dozi yote ya siku 3, na kila mara aimeze pamoja na chakula au maziwa, hata kama homa imeshuka.

Mkimbizeni hospitali mara moja, hata usiku, mgonjwa mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa au kunyonya, anayehema kwa shida, au anayesinzia asiamke vizuri. Degedege siyo shetani wala uchawi. Ni dalili ya ugonjwa mkali, na kila saa inayopotea kwa mganga humkaribisha mtoto kwenye kifo.

Tunawatakia hija njema, na mrudi wote salama.