Unaomba nafasi chuoni? Wasifu si wa kila bahasha

MWANAO amefanya KCSE mjini Garissa na sasa anakuomba pesa za kuchapisha wasifu, ile karatasi ya kujieleza ambayo wengi huiita sivii, auambatanishe na maombi ya chuo. Kabla hujafungua kibeti, umemuuliza anaomba wapi?

Iwapo ni kupitia KUCCPS, asijisumbue. Shirika hilo, lililoundwa kwa sheria ya vyuo vikuu ya 2012, hutazama matokeo ya mtihani na, kwa kozi za digrii, alama za masomo manne yanayohusiana na kozi. Anayetaka Chuo Kikuu cha Garissa kwa njia hiyo hujaza maombi kwenye intaneti, na wasifu hauna pa kuwekwa.

Mambo ni tofauti anapotafuta ufadhili au chuo cha ng'ambo. Vyuo vingi vya Marekani hutumia fomu ya Common Application, yenye nafasi 10 za kueleza shughuli za mwombaji. Baadhi huruhusu wasifu zaidi ya hapo, vingine havitaki kuuona. Maagizo na yasomwe kwanza.

Nawe mwanafunzi, ukiombwa wasifu usijipunje. Wengi hudhani hawana la kuandika kwa kuwa shuleni hakukuwa na bendi wala klabu ya drama. Hebu kumbuka. Basi liliposhambuliwa karibu na Mandera Novemba 2014 na watu 28 kuuawa, wengi wao walimu, walimu wengi wasio wenyeji walihama Kaskazini Mashariki. Waliosimama mbele ya madarasa ni pamoja na vijana waliotoka tu Kidato cha Nne. Ikiwa nawe umewahi kushika chaki, andika: somo gani, darasa gani, wanafunzi wangapi, miezi mingapi. Umechunga ngamia wa familia wakati wa ukame? Umemtafsiria muuguzi maneno ya wagonjwa wasiojua ila Kisomali? Hayo ni majukumu, yaandike.

Ukurasa mmoja watosha. Usinakili wa rafiki. Nimechoka kusoma wasifu ambao kila mwenyewe hupenda "kusoma, kusafiri na kupata marafiki".

Tena, mwombe mwalimu mkuu ruhusa kabla ya kumtaja kuwa mtu wa kuulizwa habari zako. Simu ikimlilia kutoka ng'ambo, asije akajibu, "Huyo ni nani?"